Nafasi tupu na nafasi inayopatikana: kusoma majibu ya amri ya df kwa Kiswahili

Amri ya df ni programu ndogo inayoandikwa katika mstari wa amri. Kazi yake ni kumwonyesha mtumiaji wa Unix, Linux au macOS ni kiasi gani cha nafasi kimekwisha kuchukuliwa katika kila mfumo wa mafaili na ni kiasi gani bado anaweza kukitumia. Ni amri ya zamani: ilikuwamo katika toleo la kwanza la Unix, lililotolewa na watafiti wa Bell Labs mwaka 1971. Herufi zake mbili ni kifupisho cha maneno mawili ya Kiingereza, “disk” na “free”. La kwanza halisumbui, kwa kuwa “diski” imekwisha kuzoeleka. La pili ndilo linalowakwamisha wafasiri, na makosa yanayotokana nalo huishia kwenye mafaili yasiyohifadhiwa na seva zinazosimama usiku.

Kiingereza hutumia “free” kwa mambo ambayo Kiswahili huyagawa katika maneno matano au zaidi. “Bure” ni kitu kisicholipiwa, na pia ni kitu kisicho na faida, kama katika “amehangaika bure”. Mwongozo unaotaja “diski bure” unamwahidi msomaji zawadi. “Huru” ni hadhi ya mtu au nchi isiyotawaliwa na mwingine. “Nafasi huru” inaeleweka kwa kubahatisha tu, kwa sababu nafasi haikuwahi kuwa mtumwa wa mtu. “Huria” imepata makao yake katika soko huria, chuo kikuu huria na programu huria. “Wazi”, ikifuata neno nafasi, humpeleka msomaji kwenye matangazo ya ajira. Linabaki “tupu”, yaani kutokuwa na kitu ndani, na hilo ndilo linalofaa. Kwa kuwa df inayotumika katika Linux ni ya mradi wa GNU, sentensi moja ya Kiingereza yaweza kubeba “free” mbili zenye maana mbili, na tafsiri yake sahihi ikawa: df ni programu huria inayohesabu nafasi tupu. Mfasiri aliyechagua neno moja mapema na kuliingiza katika kumbukumbu yake ya tafsiri hataiona tofauti hiyo mpaka msomaji alalamike.

Neno “nafasi” nalo linastahili kutazamwa. Limetokana na mzizi wa Kiarabu uleule uliotupa “nafsi”, mzizi unaohusu pumzi, na limeenea kiasi cha kubeba wakati (“sina nafasi leo”), fursa (“alipewa nafasi ya kujieleza”), cheo na mahali. Upana huo haumdhuru mfasiri wa df, kwa sababu muktadha wa diski huondoa maana nyingine zote. Kinachotakiwa ni kuangalia upatanisho wake wa umoja na wingi, jambo litakaloelezwa mbele, maana katika df upatanisho huo unagusa tarakimu zenyewe.

Chukua jibu lifuatalo la df -h katika kompyuta yenye Linux:

Filesystem      Size  Used Avail Use% Mounted on
/dev/sda2       100G   93G  2.0G  98% /

Ukubwa ni gigabaiti 100. Zilizochukuliwa ni 93. Zinazopatikana ni 2. Mwanafunzi anayejua kutoa atauliza zile 5 zimekwenda wapi, na anayejua kugawa atauliza kwa nini asilimia si 93. Maswali hayo mawili yana jibu moja. Mifumo ya mafaili ya jamii ya ext, kama ext4, kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi mkuu wa mfumo, ili diski inapojaa huduma muhimu ziendelee kuandika na msimamizi apate mahali pa kufanyia kazi ya kuisafisha. Sehemu hiyo ni tupu kweli, haina faili hata moja, ila mtumiaji wa kawaida hawezi kuigusa. Basi katika diski hii nafasi tupu ni gigabaiti 7 na nafasi inayopatikana ni 2. Nayo asilimia hukokotolewa kwa kugawa iliyochukuliwa kwa jumla ya iliyochukuliwa na inayopatikana, yaani 93 kwa 95, kisha matokeo yakapandishwa hadi namba kamili ya juu. Ndiyo maana ya 98.

Hapa ndipo jina la amri linapopotosha. Inaitwa kwa neno la utupu, lakini safu yake ya tatu ya tarakimu haionyeshi utupu, inaonyesha upatikanaji. Mfasiri anayeandika “nafasi tupu” juu ya safu hiyo ametoa taarifa isiyo ya kweli, na anayefanya kinyume chake, yaani anayeita gigabaiti zote 7 “nafasi inayopatikana”, amemkaribisha mtu kunakili faili la gigabaiti 4 mahali pasipoweza kulipokea. Katika Kiswahili cha kawaida tofauti hiyo ni nyepesi kueleza, kwa sababu watu wengi wameionja benki. Akaunti yenye kiwango cha chini kinachotakiwa kubaki humo huonyesha fedha ambazo ni za mteja kweli, ila hawezi kuzitoa zote. Walimu wa kompyuta wanaotumia mfano huo mara nyingi hawahitaji mwingine.

Kutokana na mfano wa benki, yupo atakayependekeza “salio” kuwa kichwa cha safu hiyo. Ni neno fupi, kila mwenye simu analijua, na lingeingia vizuri katika jedwali jembamba. Kasoro yake ni kwamba linatoka katika kitenzi “salia”, yaani kubaki, na zile gigabaiti 5 za msimamizi nazo zimesalia. “Iliyobaki” ina kasoro hiyohiyo: hueleza kilichosazwa baada ya matumizi bila kusema ni nani aruhusiwaye kukigusa. Mbaya zaidi ni “iliyopo”, ambayo wafasiri wengi huikimbilia kama sawa ya “available”. Nafasi iliyopo ni nafasi ambayo ipo, basi. Kwa diski hii msomaji makini atajibu 100.

Tatizo gumu kuliko yote linatokana na kitenzi “tumia”. Kauli ya kutendeka katika Kiswahili ina kazi mbili. Huweza kueleza hali iliyofikiwa, kama katika “kikombe kimevunjika”, na huweza kueleza uwezekano, kama katika “mwandiko huu unasomeka”. “Nafasi inayotumika” inaangukia katikati kabisa ya mpaka huo. Msomaji mmoja ataelewa nafasi ambayo hivi sasa ina mafaili, yaani 93. Mwingine ataelewa nafasi inayofaa kutumiwa, yaani 2. Hakuna kati yao aliyekosea sarufi. Ni nadra neno moja kuwa na maana mbili zinazopingana ndani ya jedwali lenye safu chache namna hii, na kwa hiyo inafaa “inayotumika” iepukwe kabisa katika muktadha wa df, hata pale mwandishi anapoamini kwamba sentensi yake imejieleza.

Njakati hubadili hali kwa kiasi fulani. “Iliyotumika” haiwezi kusomwa kama uwezekano, kwa hiyo ni salama kuliko “inayotumika” kwa safu ya Used. Lakini nayo inabeba harufu ya kitu kilichokwisha. Gari lililotumika ni lile lililopitia mikono ya mtu mwingine, na fedha zilizotumika hazirudi. Nafasi ya diski hurudi: faili likiondolewa, mahali pake hupokea jingine bila kuchakaa kwa namna ambayo df ingeionyesha. Kwa sababu hiyo “iliyochukuliwa” ni bora. Kiti kilichochukuliwa leo kitakuwa kitupu kesho abiria akishuka, na msomaji hahitaji kuambiwa.

“Inayopatikana” yenyewe imo katika kundi la vitenzi vyenye kiambishi “-ikana”, ambavyo pia hueleza uwezekano, lakini haina utata wa kundi la kwanza. Kitu kinachopatikana ni kile ambacho anayekitaka anaweza kukipata, na anayekitaka hapa ni mtumiaji aliye mbele ya kompyuta. Neno linamtaja bila kumtaja. Ubaya wake ni urefu. Herufi 13 juu ya safu yenye tarakimu tatu ni mzigo, na ndiyo sababu katika kichwa cha jedwali inakubalika kuandika “Inapatikana” na “Imechukuliwa”, kwa umbo la sentensi badala ya umbo la urejeshi. Katika maelezo ya kawaida, ambako neno “nafasi” limetajwa, urejeshi urudi.

Safu ya asilimia ina mtego wake katika kompyuta za Apple. Pale ambapo df ya GNU huandika Use%, ile ya macOS huandika Capacity, na ndivyo pia linavyoandikwa katika umbo la matokeo lililowekwa na kiwango cha POSIX. Neno hilo peke yake humvuta mfasiri kuelekea “ujazo” au “uwezo wa kubeba”, hali tarakimu iliyo chini yake ni asilimia ya nafasi iliyochukuliwa. Mwanafunzi akiona “Ujazo 98%” anaweza kufikiri diski yake imebakiwa na uwezo wa asilimia 98. Safu hiyo itafsiriwe kwa kinachohesabiwa: asilimia ya matumizi.

Sasa upatanisho wa umoja na wingi. “Nafasi” iko katika ngeli ya I-ZI, ambamo umbo la nomino halibadiliki, na umoja au wingi hujulikana kwa viambishi tu. Wazungumzaji huutumia ukweli huo kutenganisha nafasi kama kiasi na nafasi kama vitu vya kuhesabika. “Basi lina nafasi kubwa” ni habari ya upana; “basi lina nafasi tatu” ni habari ya viti. Diski nayo ina nafasi za aina zote mbili. Katika mifumo mingi ya jadi ya Unix, kila faili huhitaji bloku za kuwekea yaliyomo na huhitaji pia ainodi moja, ambayo ni kumbukumbu yenye maelezo ya faili hilo: mmiliki, ukubwa, tarehe na mahali bloku zake zilipo. Katika ext4 idadi ya ainodi huamuliwa wakati mfumo wa mafaili unapoundwa. Maktaba yaweza kuwa na rafu pana zisizo na vitabu huku leja ya kuandikishia vitabu ikiwa imejaa hadi mstari wa mwisho. Kitabu kipya hakitapokelewa.

Hali hiyo hutokea kwenye seva zinazohifadhi mamilioni ya mafaili madogo, kama barua pepe au mafaili ya muda ya tovuti. Mfumo hukataa kuandika na kutoa ujumbe kwamba kifaa hakina nafasi iliyobaki, wakati df -h inaonyesha gigabaiti nyingi. Msimamizi asiyejua hudhani df imeharibika. Dawa ni kuuliza kwa df -i, ambayo huhesabu ainodi badala ya bloku. Kiswahili kinaweza kuitenganisha hali hiyo kwa viambishi pekee: df huonyesha nafasi inayopatikana, na df -i huonyesha nafasi zinazopatikana. Hata hivyo tofauti ya silabi mbili ni ndogo mno kwa mwongozo wa kiufundi, na mfasiri mwangalifu ataandika “nafasi za mafaili” kwa ile ya pili. Ujumbe wa kosa ndio ulio mgumu zaidi, maana maneno yake ya Kiingereza ni yaleyale kwa hali zote mbili. “Nafasi imekwisha kwenye kifaa” haujitenganishi na upande wowote, na inatosha.

Kichwa cha safu ya mwisho, Mounted on, kimeleta majaribio mengi. “Imepandishwa” ni tafsiri ya neno kwa neno na haielezi lolote. “Imeunganishwa” humfanya msomaji afikirie waya, na diski yaweza kuwa imeunganishwa kwa waya bila mafaili yake kuonekana popote. “Imefungwa” ni hatari, kwa sababu mafundi husema kufunga mtambo kwa maana ya kuuweka mahali pake ufanye kazi, huku watumiaji wa kawaida wakisema kufunga faili kwa maana ya kulimaliza. Diski “iliyofungwa” ingesomwa kuwa haipatikani, kinyume cha ukweli. “Imepachikwa” ndiyo iliyo karibu zaidi. Mpini hupachikwa katika jembe, mshale katika upote wa upinde, na mfumo wa mafaili katika mti wa saraka. Kwamba neno hilo limechukuliwa pia na tovuti kwa kuweka video ndani ya ukurasa si kikwazo kikubwa, kwa sababu mantiki ni ileile. Kwa kichwa cha jedwali “Mahali” inatosha. Alama / iliyo chini yake husimamia saraka ya mwanzo, ambayo wengi huiita saraka ya mzizi. Jina hilo halina ubaya, ili mradi mzizi huo usihamishiwe kwa msimamizi mkuu, ambaye Kiingereza humwita kwa neno hilohilo. “Asilimia 5 zimetengewa mzizi” ni sentensi iliyowahi kumkosesha usingizi zaidi ya mwanafunzi mmoja.

Kuhusu vipimo, inatosha kusema kwamba chaguo -h humaanisha matokeo yaandikwe kwa namna iliyo rahisi kusoma, na si “yanayosomeka na binadamu” kana kwamba mengine yameandikiwa wanyama. Chaguo hilo hugawa kwa 1024, ilhali -H hugawa kwa 1000. Watengenezaji wa diski hutumia 1000. Kwa hiyo diski iliyouzwa kama terabaiti 1 huonekana ikiwa na takribani gigabaiti 931 kwa hesabu ya 1024, na mnunuzi hushuku kwamba amepunjwa. Tangu mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, limekuwa na majina tofauti kwa hesabu ya 1024, ambayo kwa Kiswahili yangekuwa kibibaiti, mebibaiti na gibibaiti. Hayajashika mizizi, na mwongozo wa wanafunzi utafanya vyema kutaja kigawanyo kuliko kung'ang'ania majina.

Kitenzi “futa” kinahitaji tahadhari pia. Katika Kiswahili, kufuta ni kuondoa kilichoandikwa ili pabaki safi, kama mwalimu afutavyo ubao. Katika Unix, amri ya rm huondoa jina la faili kwenye saraka. Bloku zake haziachiwi mpaka jina la mwisho liondoke na programu yoyote iliyokuwa imelifungua ilifunge. Basi hutokea msimamizi akafuta faili la kumbukumbu za matukio lenye gigabaiti 20, akaendesha df, akakuta tarakimu hazijasogea. Amri ya du, inayojumlisha ukubwa wa mafaili yanayoonekana katika saraka, itasema faili halipo. Df, inayouliza mfumo wa mafaili wenyewe, itasema nafasi bado imechukuliwa. Zote mbili zinasema kweli. Nafasi itarudi programu husika ikizimwa au ikiwashwa upya. Mwongozo unaosema “futa faili ili kupata nafasi” si wa uongo, ila kwa seva unahitaji sentensi moja zaidi.

Watumiaji wa Windows hawana df katika mstari wao wa amri, lakini wana fsutil volume diskfree, ikifuatwa na herufi ya kiendeshi kama C:. Inavutia kuona kwamba nayo hutoa hesabu mbili, moja ya baiti zote zilizo tupu na nyingine ya zile ambazo mtumiaji anaruhusiwa kuzitumia, kwa kuwa msimamizi aweza kumwekea kila mtumiaji kikomo. Pale ambapo hakuna kikomo, kwa kawaida tarakimu hizo mbili hulingana, na mfasiri hushawishika kuzipa jina moja. “Tupu” kwa ya kwanza na “inayopatikana” kwa ya pili zinafanya kazi hapa bila kubadilishwa.

Kwa jedwali lote la df, basi, vichwa vinavyopendekezwa ni: Mfumo wa mafaili, Jumla, Imechukuliwa, Inapatikana, Matumizi%, Mahali. “Jumla” imechaguliwa badala ya “Ukubwa” kwa sababu inamkumbusha msomaji kwamba safu mbili zinazofuata ni sehemu zake, ingawa, kama ilivyoonekana, si sehemu zake zote. Anayefasiri programu yenyewe, tofauti na anayeandika kitabu, akumbuke kuwa kuna hati za amri ambazo husoma vichwa hivyo kwa Kiingereza na zitakwama vikibadilika. Hati ya namna hiyo hulindwa kwa kuweka LC_ALL=C mbele ya amri, na chaguo -P likiongezwa, kila mfumo wa mafaili hubaki katika mstari wake mmoja.